Kinamasi Tukifunge Chote?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira katika kijiji kilicho kando ya Mto Malaba, wilayani Tororo. Kwenye kinamasi chetu vijana wanafyatua matofali, na kina mama wamelima mpunga hadi katikati ya mafunjo. Wenzangu wengine wanataka kila shughuli ipigwe marufuku, wengine wanauliza watu watakula nini. Tupime vipi faida na hasara?

JIBU: Ndugu yetu, kinamasi hicho si mali ya kijiji wala ya anayekilima. Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali iyashike maziwa, mito na ardhioevu kama amana ya wananchi wote, kwa hiyo mtakachokubaliana kitakuwa pendekezo tu mbele ya wilaya na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Hata hivyo, pendekezo lililopimwa vizuri lina uzito.

Msipime "kufunga" dhidi ya "kuachia". Pimeni kila shughuli peke yake. Kukata mafunjo, kutega samaki na kuteka maji ya nyumbani ni matumizi ya jadi ambayo kanuni za mwaka 2000 za ardhioevu na kingo za mito zenyewe zinayaruhusu. Katika mpunga, kinachokausha kinamasi si mche bali mifereji inayochimbwa kuyaondoa maji, basi hesabuni mifereji kabla ya kuhesabu majaruba. Matofali ndiyo yenye hasara isiyorudi: udongo ukishatolewa hubaki shimo linalotuama maji na kuzaa mbu, na tanuri moja hula kuni ambazo zimekatwa mlimani, mbali na macho ya kamati.

Kisha andikeni ni nani atakayebeba hasara. Msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa nchi, ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa, wenyeji wa jadi wa msitu huo, walitolewa msituni bila fidia ya haki, na ni mwaka 2021 tu ambapo Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba walidhulumiwa. Msitu umebaki, na mimi nasema ni vyema umebaki, lakini gharama yake iliwaangukia watu wasiokuwa na pa kwenda. Kwenu, mama anayelipa karo kwa gunia la mpunga aulizwe, kabla ya nguzo za mpaka kusimikwa, atalima wapi msimu ujao. Waulizwe pia walio chini ya mto, ambao kwa kawaida hakuna anayewaita kikaoni.

Kuhusu mpaka, kanuni hizo za mwaka 2000 huhifadhi mita 100 kutoka kingo za mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine, zikihesabiwa kutoka pale maji yanapofika yakijaa. Mkipima wakati wa kiangazi bila kuwashirikisha wazee wanaokumbuka mafuriko, nguzo zenu zitakuwa majini ifikapo Mei.

Kwa maoni yangu, matofali yaondoke kwanza, mafunjo yaachwe kwa wakataji wake, na mpunga urudi nyuma hatua kwa hatua, lakini ule ulioko shambani sasa uvunwe kwanza.