Maswali Yenu: Kilomita Hamsini za Mawe, Tope na Milima

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza kuhusu mbio za kutwa nzima nje ya lami, zile zinazopita mashambani, msituni, kwenye mawe na kwenye tope. Tumechagua tano.

SWALI: Kilomita 21 za lami nazikimbia kwa saa mbili na robo. Wenzangu wamenialika kwenye njia ya kilomita 50 ambayo jumla ya kupanda ni mita 1,800. Nijipangie saa sita?

JIBU: Jipangie kumi, ndugu. Kosa linalowaumiza wengi wanaotoka kwenye lami ni kupanga kwa kilomita, wakati njia ya aina hii hupangwa kwa saa.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila mita 100 za kupanda zihesabu kama kilomita moja ya tambarare. Mita 1,800 zinakuwa kilomita 18, kwa hiyo mbele yako kuna 68. Mwendo wa kutwa ni ule unaokuruhusu kuzungumza bila kuhema. Kwako wewe tuseme dakika 7 kwa kilomita. Zidisha, unapata dakika 476, karibu saa nane. Ongeza asilimia 15 ya tope, mawe na uchovu: 547. Ongeza dakika 40 za kujaza maji, kufunga kamba za viatu na kutazama ramani: 587, yaani saa 9 na dakika 47. Na usitegemee kuufidia muda huo kwenye kushuka. Mteremko wa taratibu wenye udongo mgumu utakurudishia kidogo, lakini mteremko mkali wa mawe yanayobiringika unakula muda karibu sawa na kupanda.

Kama kati yenu kuna atakayetembea, tumieni kanuni ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892. Kwa vipimo vya mita ni saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yenu hizo ni saa 13, na hapo hajapumzika.

Ukishapata jumla, ikatekate. Chukua ramani yenye kontua (mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi), gawanya njia kila panapobadilika ardhi au panapopatikana maji, kisha kila kipande kipigie hesabu yake. Utaona mambo ambayo jumla inayaficha. Tuseme kuna kipande cha kilomita 9 msituni kinachopanda mita 900. Kwa macho ni kifupi, mtu anasema "tisa tu." Kwa hesabu ni kilomita 18, dakika 126. Ukinywa mililita 600 kwa saa, chupa zako mbili za nusu lita zinakauka dakika ya 100, na bado una dakika 26 za kupanda ukiwa na kiu. Kwa kipande hicho kimoja unahitaji kubeba lita moja na robo, hata kama kwingine kote chupa moja inatosha. Mabadiliko kama haya ndiyo yanayoufanya mpango uwe mpango.

Andika muda wa kila kipande kwenye karatasi, ifunike kwa plastiki, uiweke mfukoni. Ukifika katikati ya njia umechelewa zaidi ya saa moja, mpango wa mwanzo umekufa. Piga hesabu upya hapo hapo.

SWALI: Kila nikifika saa ya tano tumbo linagoma. Jeli ya sukari ya wakimbiaji siitaki hata kuiona. Ninakosea wapi?

JIBU: Uwezekano mkubwa ulikosea saa mbili kabla. Unapokimbia, damu inakwenda kwenye misuli na kwenye ngozi ili kupoza mwili, na tumbo linabaki na kidogo. Ukiondoka kwa kasi, ukasahau kula, kisha ukashtuka na kumeza jeli mbili kwa mpigo bila maji, sukari hiyo inakaa tumboni kama jiwe.

Lenga gramu 60 za wanga kwa saa, lakini uzigawe: gramu 20 kila dakika 20, saa yako ya mkononi ikukumbushe kwa mlio. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25. Kufika 90 kwa saa kunawezekana iwapo tu unachanganya aina mbili za sukari, glukosi na fruktosi, maana kila moja ina mlango wake kwenye utumbo, na mlango wa glukosi hujaa karibu na gramu 60. Uwezo huo hauji siku ya mbio. Kwa wiki sita za mwisho, kwenye kila mbio ndefu ya mazoezi kula kile kile utakachokula siku yenyewe.

Kinywaji unaweza kutengeneza mwenyewe: lita moja ya maji, vijiko 15 vya chai vya sukari (gramu 60 hivi), na robo kijiko cha chai cha chumvi, inayotoa kama miligramu 580 za sodiamu.

Tumbo likishagoma, acha kulilazimisha. Tembea robo saa, tafuta kivuli, lowesha kichwa na shingo, piga mafunda madogo ya maji, kisha anza tena na vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole. Ila kuna kichefuchefu cha aina nyingine: vidole vimevimba mpaka pete inabana, kichwa kinauma, na umekuwa ukinywa maji matupu kila mara. Huko ni kuzidisha maji hadi chumvi ya damu ikashuka. Acha kunywa. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa au kuongea ovyo, apelekwe hospitali mara moja. Wala msimeze ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, njiani. Figo ambazo tayari zinapata damu pungufu haziuhitaji mzigo huo.

SWALI: Kupanda naweza. Kushuka ndiko kunakoniua mapaja.

JIBU: Kwenye kushuka, misuli ya mbele ya paja hurefuka huku imebeba uzito wako, na hapo ndipo nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Kinga yake ni kushuka mazoezini. Kipindi kimoja kizuri chenye mita 400 hadi 600 za kushuka huacha kinga ya wiki kadhaa. Fanya kile kizito cha mwisho wiki mbili hivi kabla ya siku yako. Piga hatua fupi za haraka, goti likiwa limekunjwa kidogo. Anayejifunga breki kwa kisigino analipa kilomita ya 40.

SWALI: Malengelenge yananitoka kila mara, hasa tukivuka mito. Nivue viatu?

JIBU: Usivue. Miguu mitupu huteleza na hukatwa na mawe. Fungua vifungo vya mkoba kifuani na kiunoni kabla ya kuingia, ili ukianguka uweze kuuacha. Elekea maji yanakotoka, sogea kiubavu. Maji yakipita magoti na yana nguvu, tafuteni pengine.

Lengelenge huja pale ngozi iliyolainika kwa unyevu inapovutwa huku na huku. Soksi za pamba hukaa na maji. Vaa za sufu au za nyuzi za viwandani. Kiatu kiache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kwa kuwa mguu huvimba. Kubwa zaidi ya yote: ukihisi sehemu inawaka moto, simama dakika hiyo hiyo, kausha, bandika plasta. Wengi hungoja "nikifika pale juu", na wakifika pale juu tayari limeshatumbuka.

SWALI: Nitakuwa peke yangu na giza litanikuta. Simu inatosha?

JIBU: Haitoshi. Pakua ramani na faili la GPX (lenye mchoro wa njia yako) mapema, weka simu kwenye hali ya ndegeni kuokoa betri, lakini beba pia ramani ya karatasi. Taa ya kichwani iwe na mwanga wa lumeni 200 au zaidi (kipimo hicho huandikwa kwenye taa), pamoja na betri za akiba. Kukiwa na ukungu, ishushe uishike usawa wa kiuno. Mwanga ukitokea usawa wa macho hukurudia usoni ukaona weupe mtupu. Hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo koti la mvua na blanketi la dharura lisiloruhusu joto kutoka visibaki nyumbani hata kama chini kuna jua.

Mtu mmoja abaki na nakala ya mpango wako, pamoja na saa kamili ambayo asipokusikia ataomba msaada. Ukiumia, vaa nguo zote kabla hujaanza kutetemeka, kisha piga filimbi: milio sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Atakayekusikia atajibu kwa milio mitatu. Endelea kupiga mpaka akuone.