Kaimati alipata kwao mara ya tatu

Anayenijua atashangaa kuniona nikiandika habari za mbwa. Mimi ni mtoto wa Shela ya hapa Malindi, nyumba ya chuo cha Kurani na maulidi. Siku shangazi yangu aliponikuta uani nikimtilia mbwa maji kwenye kifuu, alisimama mlangoni na buibui lake, akasema: "Ukicheza na mbwa, utaingia naye msikitini." Sikumjibu. Shangazi hajibiwi.

Mbwa mwenyewe nilimwokota mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza, karibu na pale wavuvi wanapopandisha samaki. Jike, mtoto bado, rangi yake ile ya kaimati iliyosahauliwa kidogo mafutani, na jina likatoka hapo. Mgongoni ana ukurutu, masikioni kupe wamejipanga kama mbegu za papai. Nikasema nitamlea wiki mbili mpaka apate mtu. Nilikaa naye miezi saba. Mitano katika hiyo ilikuwa kosa langu mwenyewe, na ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu naona wenzangu wanaolea mbwa wa muda wakipita njia ile ile.

Kwanza niseme la nyumbani, maana wengi wenu mtauliza. Sisi Waislamu wa Pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafii, na kwetu mbwa ni najisi nzito: ukiguswa na ulimi wake au unyevu wake, waosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini kumlisha mwenye njaa hakukukatazwa, na kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa shamba kuna ruhusa. Basi nilijipanga. Sahani yake mbali, nguo zangu za kazi ya mbwa mbali, ndoo ya mchanga safi kando ya bomba. Alilala kwenye gunia nyuma ya jiko la nje, ndani hakuingia. Na kwa majirani nilipita mlango kwa mlango kabla hawajaja wao kwangu. Kuzuia malalamiko ni rahisi kuliko kuyatuliza.

Swali la kwanza la kila jirani lilikuwa moja: amechanjwa? Wana haki. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani huwa wameumwa na mbwa, na dalili zikishatokea kwa mtu, dawa karibu hakuna. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Kaimati alichanjwa wiki ile ile niliyomwokota, akapewa dawa ya minyoo na ya kupe, na alipopata nguvu akafungwa kizazi. Kadi yake niliiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho changu. Ukikosa pesa, ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti kama kuna chanjo ya bure. Mara nyingi hupangwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mbwa asiye na kadi usimtangaze. Utampata anayemtaka, naam, lakini atakuwa mtu asiyejali kadi.

Sasa kosa langu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilimtembeza. Nilimpigia debe Kaimati kama muuza mitumba: mkali, mlinzi hodari, hali chakula kingi, anapenda watoto. Hakuna hata moja nililokuwa na hakika nalo. Mwezi wa tisa akaja bwana mmoja mwenye nyumba upande wa Casuarina, ukuta mrefu, geti la chuma. Alitaka mbwa mkali, nami nilishasema mkali. Siku kumi baadaye nilipita na kisingizio cha kuleta dawa ya kupe. Nilimkuta Kaimati chini ya mwembe, mnyororo hauzidi hatua mbili, sufuria ya maji imepinduka. Bawabu akaniambia kwa huruma, "Dada, huyu habweki. Akisikia fagio tu ajificha. Bosi amechoka naye." Nilimchukua siku ile ile. Njiani nilikuwa nikimlaumu yule bwana, lakini kilichonichoma ni kwamba nilimuuzia mbwa asiyekuwepo.

Mara ya pili sikusema mkali. Nikasema mpole. Vijana wawili waliooana karibuni waliona picha yake wakampenda, wakamchukua Ijumaa. Jumatatu asubuhi wakamrudisha na kuku wa jirani watatu ndani ya mfuko. Watatu! Nilijua kwamba anawatazama kuku kwa jicho lile. Sikusema kwa sababu niliogopa wangeghairi. Nililipa kuku.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza habari za mbwa, naanza na kasoro. Niliandika karatasi: anafukuza kuku, anatafuna viatu, anaogopa radi na fagio, hajui kukaa peke yake mchana kutwa, anakojoa akipandishiwa sauti. Kisha ndipo mazuri. Watu wengi waliishia kwenye kuku, na nikajifunza kufurahi wakiondoka. Mtu anayekimbia karatasi leo angekimbia mbwa kesho kutwa, na safari ya kurudi humvunja mbwa kuliko ya kwenda. Kaimati aliporudi mara ya pili alikaa siku mbili bila kula, ameupa ukuta uso.

Picha ni muhimu, lakini si zile za kuliza watu. Picha ya mbwa aliyekonda mwenye kupe huleta maoni na mioyo myekundu, haileti nyumba. Mpige picha asubuhi, nje, wewe umechuchumaa usawa wa macho yake, na awepo mtu kando ili ukubwa uonekane. Kisha usitegemee hali ya WhatsApp peke yake. Mahali palipozaa matunda kwangu ni duka la dawa za mifugo: wanaoingia pale tayari wana mbuzi, wana shamba, na wananunua dawa ya minyoo kwa pesa zao. Bango lako linasomwa na mtu anayesubiri chenji.

Maswali yangu ni machache. Mbwa wako wa mwisho alikufaje? Hili ndilo kubwa. Ukisikia "alipotea" mara tatu mfululizo, umeshajibiwa. Atalala wapi mvua ikinyesha? Nani hasa atamlisha? Ukiambiwa ni mfanyakazi, basi zungumza na mfanyakazi, maana huyo ndiye mwenye mbwa, mwingine ana jina tu. Na hapa Malindi kuna swali ambalo watu wa Nairobi hawalihitaji: mwezi wa tano utakuwa wapi? Mji wetu una misimu. Disemba nyumba za ufukweni zinajaa, kila mgeni anataka mbwa wa kumlaki getini. Masika yakianza, hoteli zinafunga, mapazia yanashushwa, na mbwa waliokuwa wakila nyama wanaonekana jalalani. Sisemi usimpe mgeni. Nasema mpe aliye na mtu wa kubaki, na huyo mtu alipwe mwezi wa tano.

Januari mama mmoja wa Kitaliano alimpenda Kaimati kwa dhati, akataka kuondoka naye Machi. Nilitafuta taratibu za Umoja wa Ulaya kwa mbwa anayetoka Kenya. Lazima awekwe chipu, kidude kidogo cha utambulisho chini ya ngozi, kisha achanjwe chanjo ya kichaa. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, na ya Kaimati ilitangulia. Baada ya siku 30 hutolewa damu, ipimwe katika maabara inayotambuliwa na Ulaya, kisha husubiriwa miezi mitatu tangu siku damu ilipotolewa. Hiyo ni miezi minne hata bila kitu kuchelewa. Mama wa watu alilia kwangu barazani, na shangazi, yule yule, akamletea kahawa. Kwa hiyo ukilea mbwa mjini hapa, muwekee chipu kabla ya chanjo ya kwanza ukiweza. Huwezi kujua atapendwa na nani.

Mwenyewe alitokea Februari, kupitia lile bango la dukani. Mzee wa Kakuyuni, ana mahindi na mbuzi, na nyani wanammaliza. Nilimwamkia, nikamkabidhi karatasi ya kasoro. Hakuvaa miwani, akamwambia mjukuu wake amsomee. Kwenye kuku akacheka. "Kuku wangu walala juu ya mti," akasema. Kwenye radi akanyamaza kidogo, akauliza, "Radi ikipiga hukimbia au hujificha?" Nikamwambia hujificha, chini ya kitu chochote chenye paa. "Basi kibanda cha mbuzi chatosha." Katika wote walionijia, ni yeye peke yake aliyeuliza jinsi ya kuishi na kasoro. Wengine waliuliza kama itaisha.

Nilikwenda kupaona kwanza, bila mbwa. Fanya hivyo kila mara. Nilimkuta mbwa dume mzee amelala mlangoni, kipofu wa jicho moja, ana miaka 11 kwa hesabu ya mzee. Sikuhitaji kuuliza zaidi.

Siku ya kumpeleka, mwenye tuktuk wa kwanza alikataa, na sikumlaumu. Gari lake labeba watu waendao kusali. Wa pili nilimpigia mapema, nikamwambia ni mbwa, nitatandika gunia na kuosha mwenyewe, na nauli maradufu. Gunia lile lilikuwa la kulalia la Kaimati, nami sikulifua, ili akute harufu yake usiku wa kwanza. Tuliandikiana ukurasa mmoja: wiki mbili za majaribio, chanjo inayofuata ataigharimia mzee, na akishindwa wakati wowote mbwa arudi kwangu, asipewe mtu mwingine wala kuachwa njiani. Mzee alitia dole gumba. Nikamwomba amfunge kamba ndefu usiku kwa wiki ya kwanza, kwa sababu mbwa mgeni hutoka kutafuta alikotoka, na barabara ya Kakuyuni ina malori. Na mimi nikajizuia kwenda kumwona kwa mwezi mzima. Hili lilikuwa gumu kwangu kuliko yote. Nilikuwa nikimimina maji kwenye kifuu asubuhi, nikakumbuka hakuna wa kuyanywa.

Wiki ya tatu simu ikalia saa mbili usiku. Nilipoona ni namba ya mzee moyo uliniruka.

"Mwanangu," akasema, "ile karatasi yako ina upungufu."

"Upungufu gani, mzee?"

"Kuku umesema. Viatu umesema. Hukusema kwamba anakula sabuni."

Nikamwambia wallahi sikujua.

"Ni mche mzima," akasema. "Mjukuu ameshaongeza kwenye karatasi."