Maswali Yenu: Kurudi Kazini Baada ya Likizo Ndefu Ughaibuni

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu hapa Morogoro. Nimekuwa Uppsala, Sweden, kwa likizo ya kitaaluma ya miezi 11, pamoja na mwanangu wa miaka 4. Nimepumzika hasa. Tunarudi mwisho wa Agosti na mkuu wa idara anataka nianze Jumatatu inayofuata. Mtaani kuna misiba miwili sikuwahi, na ndugu wameshapanga sherehe ya kunipokea. Nianzie wapi?
Mama wa Morogoro

JIBU: Mama, anza na afya, ufuate waliofiwa, halafu ofisi. Sherehe iombee wiki ya tatu.

Aliyekulia Morogoro ana kinga kiasi dhidi ya malaria kwa sababu mwili wake hukutana na vimelea mara kwa mara. Ukikaa mbali miezi mingi, kinga hiyo hupungua, na mtoto wa umri huo hana ya kutegemea. Wengi hujiona wenyeji, wakavumilia homa kwa dawa za maumivu hadi wakazidiwa. Chandarua chenye dawa hudumu takriban miaka 3. Kikague matundu na ukifunge usiku wa kwanza. Kwa kawaida homa huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo ongeza macho kuanzia wiki ya pili, wakati kazi imeshakusahaulisha. Homa ikitokea, hata ya siku ya kwanza, nendeni mkapime siku hiyo hiyo. Mtu mzima akiandikiwa dawa mseto ya ALu, humeza vidonge 4 mara 2 kwa siku kwa siku 3, dozi ya pili ikifuata saa 8 baada ya ya kwanza. Meza pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, maana tumbo likiwa tupu dawa hainyonywi vizuri, na umalize vyote 24. Dozi ya mtoto hupangwa kwa uzito wake.

Misiba usiichanganye na salamu za kurudi. Nenda kwa kila aliyefiwa peke yake, ukiongozana na jirani aliyekuwepo mazishini, ili akueleze mapema yaliyotokea na usiulize maswali yanayoumiza. Rambirambi iwe ya kawaida ya mtaa wenu: bahasha, sukari au unga. Zawadi za Ulaya ziache nyumbani siku hiyo. Kwa mjane Mwislamu, uliza kwanza kama bado yuko eda, ambayo ni miezi 4 na siku 10, ili ujue taratibu za nyumba hiyo. Ukila pilau la kupokewa kabla ya kuhani, habari itafika kwa wafiwa kabla yako, na lawama ya namna hiyo haiishi upesi.

Ofisini, omba siku 3 za kazi kabla ya kuripoti. Mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo ombi hilo si kubwa. Kutana kwanza na aliyekukaimu, umshukuru, kisha muulize mambo matatu: nini kinasubiri saini, nini kimeahidiwa kwa niaba yako, na utaratibu gani umebadilika. Makabidhiano yawe ya maandishi: mafaili, funguo, nywila, fedha. Usisaini kabla ya kuhesabu. Barua pepe zisome kuanzia za karibuni. Nyingi za zamani zimeshajimaliza zenyewe. Kamati mpya usiikubali mwezi wa kwanza. Ukishaingia, kutoka ni vigumu, na hapo ndipo mapumziko ya mwaka mzima huyeyuka.

SWALI: Julai narudi Nairobi kutoka Toronto. Safari iliyopita nilikesha wiki nzima. Nifanyeje?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Julai, Nairobi iko mbele ya Toronto kwa saa 7. Ukielekea mashariki, mwili unalazimika kuwahisha usingizi, na huweza takriban saa moja kwa siku. Kinachousogeza hasa ni mwanga, na wengi huutumia vibaya: wanatoka juani alfajiri ya kwanza. Kama Toronto huamka saa 1 asubuhi, kitovu cha usiku wa mwili wako ni kama saa 10 alfajiri ya huko, yaani saa 5 asubuhi Nairobi. Mwanga mkali kabla ya hapo huuchelewesha mwili; baada ya hapo huuwahisha. Kwa hiyo siku ya kwanza kaa ndani au vaa miwani ya jua hadi saa 5, kisha uwe nje hadi saa 8 mchana. Kila siku sogeza ratiba hiyo mapema kwa saa moja. Mawingu ya Julai yasikuzuie, kwani nje bado kuna mwanga kuliko taa za ndani.

Kahawa na chai ya rangi ziishie saa 8 mchana. Ukisinzia, lala dakika 20 hadi 30 kabla ya saa 9 alasiri, na usiendeshe gari safari ndefu siku za mwanzo.