Nibadilishe vipi mfumo bila kuuzima?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi fundi niko hapa Kigoma, naendesha mfumo wa mauzo ya dagaa, seva moja iko Kibirizi nyingine Ujiji ya tatu Kasulu, mawakala wanaingiza mzigo kwa simu. Juzi nikapandisha toleo jipya pale Kibirizi kazi ikiendelea, halikuzima hata dakika nikafurahi, kumbe gunia 40 zinaingia kama kilo 40 na mzee mmoja kalipwa pungufu. Nimekosea wapi? Au niwe nazima kila kitu usiku?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza huyo mzee apate hela yake leo leo, programu baadae. Na usiku usizime, alfajiri mitumbwi ikirudi watu watakuwa wanapima mzigo na wewe bado unahangaika.

Kubadilisha mfumo unaotembea siyo kosa, Ericsson kule Sweden walitengeneza lugha ya Erlang miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, na mtambo wa simu huwezi kuwaambia watu kateni kwanza tunarekebisha. Erlang inabeba moduli (kipande cha programu) ya zamani na mpya kwa pamoja, ila ukipakia ya tatu kazi zilizobaki kwenye ile ya kwanza zinauawa, kwa hiyo hata kule papara haitakiwi.

Wewe umebadilisha maana ya namba wakati simu za mawakala bado zinaongea kizamani. Usiguse ile sehemu ya kujazia gunia, ongeza ya kilo pembeni yake, halafu seva zote tatu zijue kusoma zote mbili kabla simu hata moja haijaanza kutuma kilo. Nenda seva moja moja: acha kuipa kazi mpya, subiri imalize ilizonazo, ndo uibadilishe. Watafiti Kramer na Magee wa Imperial College London waliliandika hili 1990, kwamba sehemu ya mfumo iguswe ikiwa imetulia, yaani haina muamala uliofika katikati na hakuna mwenzake ataanzisha muamala unaoihitaji. Mzigo umepokelewa Kibirizi malipo yanatoka Ujiji, ukikata hapo katikati umempoteza mtu.

Toleo la zamani liache kwenye diski, usije ukashindwa kurudi nyuma. Na kabla hujafuta gunia chungulia logi (kumbukumbu za seva za nani katuma nini) wiki nzima, hutakosa wakala mmoja wa Kagunga ambaye hajaapdeti simu kwa kuhurumia bando, huyo mpigie.