Mzee aliyechorwa akisali mbele ya Bikira Maria

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nimeona picha ya kale iliyoko Bruges, Ubelgiji: Bikira Maria amempakata Mtoto Yesu, na kando amepiga magoti mzee aliyegharimia mchoro wenyewe. Kachorwa mkubwa sawa na watakatifu! Huko si kujikweza? Nauliza kwa sababu marehemu baba yetu aliitolea parokia sanamu ya Mama Maria, na ndugu zangu wanataka jina lake liandikwe chini yake.

JIBU: Milele amina, mwanangu. Mzee huyo ni Joris van der Paele, kanoni (padre wa baraza la kanisa) wa Kanisa la Mtakatifu Donatian hapo Bruges, na mchoraji ni Jan van Eyck, aliyeikamilisha kazi hiyo mwaka 1436. Zamani mfadhili alichorwa mara nyingi mdogo kama mtoto, miguuni pa watakatifu, kwa hiyo mshangao wako una msingi.

Lakini mtazame usoni. Makunyanzi, mashavu yaliyolegea, uchovu wa uzee: hakufichiwa kitu. Ameshika kitabu cha sala, miwani ameivua. Nyuma yake Mtakatifu George, somo wake (Joris ndiyo George kwa lugha yao), ameinua kofia yake ya chuma na kumnyoshea mkono, kama mshenga anavyomtambulisha mtu ukweni. Mimi naona hapo mhitaji. Asiyehitaji kuombewa angetafutiwa mshenga wa nini?

Maandishi ya fremu yanasema alianzisha kanisani humo nafasi mbili za mapadre. Kazi ya nafasi za namna hiyo ilikuwa kuadhimisha Misa kwa ajili ya roho ya mwanzilishi, imani ileile ya Yuda Makabayo aliyetoa sadaka kwa ajili ya waliokufa (2 Mak 12). Ni kweli wapo matajiri waliodhani neema hununuliwa, na Petro alimkemea vikali Simoni mchawi kwa wazo hilo (Mdo 8:20). Moyo wa Joris anaujua Mungu. Ila kusogea karibu si dhambi: “Na tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri” (Ebr 4:16). Tunakaribia kwa rehema, wala si kwa cheo.

Basi andikeni jina la baba, kwa herufi ndogo, na kabla ya jina wekeni neno “Mwombeeni”. Michango yake msiitaje. Kisha pelekeni nia ya Misa ofisini kwa paroko, na kila Novemba, mwezi wa marehemu, mrudi tena.