Keshia wa duka la kubeti aliyekosa swala ya Idi

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni keshia kwenye duka la kubeti hapa Majengo, Dodoma. Idd el Fitri iliyopita bosi alinipanga zamu ya asubuhi, nikakosa swala. Nilipolalamika akanijibu, "Kampuni haina dini." Mwisho wa mwezi mshahara ukaja uleule. Sasa wazee wa mtaa wanataka kuandika barua maduka haya yafungwe sikukuu zote za dini. Sheria inasemaje, na wewe unaonaje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na pesa, maana hapo bosi wako amekosea waziwazi.

Idd el Fitri ni sikukuu ya umma kama zilivyo Krismasi na Ijumaa Kuu. Hiyo si amri ya kufunga biashara. Ndiyo maana siku hiyo duka la dawa liko wazi na bodaboda wanabeba abiria. Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 25, inataka anayefanya kazi sikukuu ya umma alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Hesabu yenyewe iko hivi: mshahara wa mwezi gawanya kwa 4.333, upate wa wiki. Kisha gawanya kwa saa zako za kawaida za wiki. Tuseme unalipwa 195,000 na unafanya saa 45. Saa moja ni kama 1,000, ya Idi ni 2,000. Zamu ya saa nane, 16,000. Asikwambie kwamba mwezi uliandama usiku na ratiba ilishabandikwa.

Kuhusu hilo neno la bosi, kwamba kampuni haina dini: Ibara ya 3 ya Katiba inasema hata Jamhuri yenyewe haina dini, na bado kalenda yake ina sikukuu za pande zote mbili, kwa sababu wananchi wanazo dini. Kupangwa zamu Idi moja si ubaguzi. Lakini kama kila Idi uko dirishani wewe, na Krismasi ikifika wenzako wanaachiwa waende ibadani, basi kifungu cha 7 cha hiyo Sheria ya Ajira, kinachokataza ubaguzi wa dini kazini, kinakuhusu. Kwa mji wetu huu uliochanganyika dawa ni nyepesi: Mkristo ashike Idi, wewe ushike Krismasi na Ijumaa Kuu. Karatasi moja nyuma ya kaunta inatosha.

Wazee nao nawaelewa, ila barua yao naiona imelenga pembeni. Uingereza, kwenye ligi ambayo nusu ya mikeka yenu (tiketi za kubeti) inaitegemea, Sheria ya Kamari ya 2005 inayafunga maduka Krismasi tu, tarehe 25 Desemba. Kufuli hilo ni la mlango. Hapa kwetu mteja wako akikuta umefunga, anakaa kivulini hapo hapo nje, anatoa simu, anabeti, na pesa inatoka kwa mtandao wa simu. Utakayekosa kitu ni wewe mwenye kibarua.

Mimi ningewashauri waombe jambo dogo zaidi: duka lisifunguliwe kabla ya saa saba mchana siku ya Idi na siku za ibada kubwa za Kikristo. Bosi hapotezi kikubwa. Mechi ya Desemba inayoanza saa tisa alasiri kule London, hapa ni saa kumi na mbili jioni. Asubuhi mnauza nini? Mbio za mbwa za kompyuta na mashine za kamari za sarafu.

Na hizo mashine ndizo ningeziandikia barua. Asubuhi ya Idi mtoto ana kanzu mpya, mfukoni ana sarafu alizopewa na wajomba na shangazi, na dubwi (ndiyo mashine yenyewe) liko nje ya duka la mangi, halina wa kulisimamia. Anaingiza mia mbili, taa zinazunguka, anaingiza nyingine. Hapo hatuhitaji sheria mpya: michezo ya kubahatisha ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18, siku ya kazi na siku ya sikukuu, na anayetoa leseni ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Barua yenye mahali mashine ilipo na picha yake (mashine, si mtoto) ina uzito kuliko kurasa tatu za kuomba kufuli.

Tukirudi kwako: andika leo tarehe ya Idi hiyo, saa uliyoingia na saa uliyotoka, na upige picha ratiba kabla haijabanduliwa. Mpelekee bosi madai kwa maandishi, kwa adabu, ubaki na nakala. Akikaa kimya, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa madai yasiyo ya kufukuzwa kazi una siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, kwa hiyo hesabu vizuri, Idi imeshapita.