Jibu: Data zangu zimevuja, naweza kulipwa?
Pole sana, ndugu. Umeuliza kama unaweza kudai fidia baada ya kampuni kuvujisha namba yako ya kitambulisho, ingawa hujaibiwa hela. Kwa hapa Kenya, unaweza. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinahesabu hata usumbufu wa moyo kuwa hasara, si pesa pekee. Peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 90.

Ila bila ushahidi utahangaika bure. Mimi nilifuta meseji za matapeli kwa hasira, na hadi leo najuta. Wewe piga picha za skrini, tarehe na namba zionekane, kisha iandikie kampuni leo hii kabla hawajaanza kukuzungusha.